Siku za Ajabu na Watu Maarufu Waliozaliwa Tarehe Hizo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Leo ni siku ya nini duniani? Nani kazaliwa leo? Na je, hayo mawili yanahusiana? Maswali haya huulizwa na walimu wanaoandaa gwaride la asubuhi, watangazaji wa vipindi vya alfajiri na watu wanaotafuta cha kuweka kwenye statasi. Majibu yameanzia kwenye mambo mepesi, na yale yanayotatanisha yako mwishoni.

## Mambo ya msingi

"Siku ya ajabu" ni siku ya namna gani?

Ni siku yenye jina na wafuasi wake, lakini ofisi hazifungwi wala bendera haipandishwi kwa ajili yake. Kuna siku ya paka, siku ya jodari, siku ya choo, hata siku ya kuongea kama maharamia. Nyingine zina sababu nzito nyuma ya jina la kuchekesha. Siku ya Choo Duniani, 19 Novemba, ilianzishwa na Jack Sim wa Singapore mwaka 2001, na mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ukaitambua rasmi, kwa sababu kukosa choo salama kunaua watu kwa kuhara na kipindupindu.

Ninayoipenda kuliko zote ni Siku ya Twiga Duniani, 21 Juni. Waanzilishi wake walisema mnyama mwenye shingo ndefu kuliko wote astahili siku yenye mchana mrefu kuliko zote. Hesabu hiyo ni ya kaskazini mwa dunia. Twiga wa Serengeti wako kusini mwa ikweta, kwa hiyo siku yao huangukia kipindi ambacho mchana ni mfupi kuliko wote wa mwaka, ingawa kwetu tofauti ni ya dakika chache tu.

Nani anaamua kwamba leo ni siku ya kitu fulani?

Hakuna ofisi moja ya dunia yenye kazi hiyo. Zenye uzito zaidi ni siku zinazopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa au na mashirika yake kama UNESCO. Nchi mwanachama huleta pendekezo, nyingine huunga mkono, azimio hupita. Slovenia ilifanya hivyo kwa ajili ya nyuki, na mwaka 2017 tarehe 20 Mei ikatangazwa kuwa Siku ya Nyuki Duniani. Zinafuata zile za serikali, kisha za mashirika na vyama, halafu za kampuni zinazotaka kuuza bidhaa, na mwisho kabisa zile zilizoanzishwa na mtu mmoja au wawili tu.

Hao wawili wanaweza kufika mbali. Mwaka 1995 Wamarekani John Baur na Mark Summers, wa jimbo la Oregon, waliamua kwamba kila mwaka patakuwa na siku ya kuongea kama maharamia. Walihitaji tarehe wasiyoweza kuisahau, na Summers akachagua 19 Septemba, siku aliyozaliwa mke wake wa zamani. Kwa miaka kadhaa likabaki jambo lao na marafiki, mpaka mwaka 2002 mwandishi wa safu za magazeti Dave Barry alipoandika habari zao. Sasa siku hiyo inajulikana hadi mabara mengine.

Kwa hiyo siku hizi ni za mapumziko?

Hapana. Mapumziko huwekwa na sheria ya nchi. Ila siku ya ajabu inaweza kuangukia juu ya sikukuu ya taifa: tarehe 8 Agosti Tanzania hupumzika kwa Nanenane, sikukuu ya wakulima, na siku hiyohiyo ni Siku ya Paka Duniani, na pia ndiyo aliyozaliwa Roger Federer mwaka 1981. Hakuna aliyeyapanga hayo matatu.

Ni watu wangapi duniani wamezaliwa tarehe yangu?

Gawanya watu bilioni 8 kwa siku 365, unapata takriban milioni 22. Kwa hiyo ukiambiwa kuna mwanamuziki au rais uliyezaliwa naye tarehe moja, usishangae. Cha kushangaza kingekuwa kumkosa.

Ni kweli kwamba kwenye kundi la watu 23 huenda wawili wakawa na tarehe moja ya kuzaliwa?

Kweli, na uwezekano unazidi kidogo nusu: karibu asilimia 50.7. Wachezaji 22 wa mpira uwanjani pamoja na mwamuzi wa kati ni watu 23, kwa hiyo karibu kila mechi mbili, moja ina watu wawili waliozaliwa tarehe moja.

Wengi hukataa kwa sababu wanajiwazia wao: "Nani hapa amezaliwa siku yangu?" Hilo ni swali jingine, na ili upate uwezekano wa nusu unahitaji watu 253. Swali la mwanzo halimhusu mtu mmoja, linawahusu *wawili wowote*. Kwenye watu 23 mna jozi 253, na kila jozi ina nafasi yake. Wakifika 57, uwezekano unafika asilimia 99. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 anaweza kulijaribu kesho asubuhi, na karibu hakika hatarudi mikono mitupu.

## Siku zilizowekwa makusudi kwa sababu ya mtu

Ni siku zipi zilichaguliwa kwa kuwa mtu fulani alizaliwa siku hiyo?

Nyingi, na za afya ndizo zinazoongoza. Siku ya Wauguzi, 12 Mei, ni siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820. Siku ya Msalaba Mwekundu, 8 Mei, ni ya Henry Dunant, mwanzilishi wake, aliyezaliwa mwaka 1828. Siku ya Wachangiaji Damu, 14 Juni, ni ya Karl Landsteiner (1868), aliyegundua makundi ya damu; bila yeye kuongezewa damu kungebaki bahati nasibu. Tarehe 4 Januari ni Siku ya maandishi ya nukta nundu, kwa heshima ya Louis Braille aliyeyabuni, aliyezaliwa mwaka 1809.

Inayonigusa zaidi ni 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani. Ni tarehe aliyozaliwa Frederick Banting mwaka 1891. Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Banting na Charles Best walipata insulini, na Januari 1922 ikadungwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa, mvulana wa miaka 14. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha aina hiyo alikuwa akisubiri kifo. Ukiitangaza siku hiyo redioni bila kumtaja Banting, umewanyima wasikilizaji sababu ya tarehe yenyewe.

Nje ya afya, 2 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Kutotumia Nguvu kwa sababu Gandhi alizaliwa siku hiyo mwaka 1869. Tarehe 18 Julai ni Siku ya Mandela, aliyezaliwa mwaka 1918; watu huombwa kujitolea dakika 67, moja kwa kila mwaka wa miaka 67 aliyoitumikia haki. Na ile 20 Mei ya nyuki inafuata tarehe ya Anton Janša, mwalimu wa ufugaji nyuki wa Slovenia wa karne ya 18.

Mbona Mwalimu Nyerere anakumbukwa 14 Oktoba na si siku aliyozaliwa?

Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Tarehe 14 Oktoba ni siku aliyofariki, mwaka 1999, na ndiyo Tanzania iliyoichagua kuwa Siku ya Nyerere. Nchi hutofautiana: Afrika Kusini na dunia nzima wanamkumbuka Mandela kwa kuzaliwa, Tanzania inamkumbuka Mwalimu kwa siku taifa lilipompoteza. Hilo husababisha makosa kila mwaka, maana kuna wanaomtakia Mwalimu "heri ya siku ya kuzaliwa" tarehe 14 Oktoba. Tafadhali msifanye hivyo.

Na Wangari Maathai, kwa nini siku yake ni 3 Machi?

Kwa sababu tarehe hiyo ilikuwa tayari Siku ya Mazingira Afrika, na Umoja wa Afrika ukaiunganisha na jina lake. Siku aliyozaliwa ni nyingine kabisa, na ina swali lake hapa chini.

Mfalme Charles alizaliwa Novemba. Mbona Uingereza inamsherehekea Juni?

Charles alizaliwa 14 Novemba 1948, tarehe moja na Banting. Lakini Waingereza wana desturi ya karne nyingi ya kumfanyia mfalme gwaride la kuzaliwa wakati wa kiangazi, kwa kuwa Novemba kwao ni baridi na mvua.

Uholanzi nao walipitia hapo hapo. Malkia Juliana alizaliwa 30 Aprili, na siku hiyo ikawa sikukuu. Binti yake Beatrix aliporithi kiti mwaka 1980, siku yake mwenyewe ilikuwa 31 Januari, katikati ya baridi kali, basi akaiacha sikukuu pale ilipokuwa, kwenye tarehe ya mama yake. Mwanawe Willem-Alexander, aliyezaliwa 27 Aprili 1967, hakuhitaji ujanja huo: sikukuu ikasogea siku tatu tu.

## Zilizokutana zenyewe

14 Machi ni siku ya pai kwa sababu Einstein alizaliwa siku hiyo?

Hapana. Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Siku ya Pai ilianzishwa mwaka 1988 na Larry Shaw, mwanafizikia aliyefanya kazi kwenye jumba la sayansi la Exploratorium mjini San Francisco. Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku, hivyo 14 Machi kwao ni 3/14, na pai, namba ya kukokotolea duara, huanza na 3.14. Albert Einstein alizaliwa Ulm, Ujerumani, 14 Machi 1879, na hakuna aliyemfikiria wakati namba inatafutiwa tarehe. Mwaka 2018 mwanafizikia Stephen Hawking naye akafariki 14 Machi. UNESCO imeifanya kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati.

Sisi tunaandika siku kabla ya mwezi, kwa hiyo 14/3 haituonyeshi pai yoyote. Lakini kila aliyekaa darasani Tanzania au Kenya amekokotoa eneo la duara kwa 22/7, na 22/7 kwa mwandiko wetu ni tarehe 22 Julai. Tarehe hiyo nayo huadhimishwa duniani, kama siku ya makadirio ya pai. Isitoshe, 22/7 ni takriban 3.1429, na iko karibu na pai kuliko 3.14. Ningekuwa na sauti kwenye shule zetu, ningeomba siku ya hisabati ifanyike 22 Julai.

Wangari Maathai kweli alizaliwa Siku ya Wajinga?

Ndiyo, 1 Aprili 1940, Nyeri, na si utani. Mwaka 1977 alianzisha vuguvugu la Green Belt, ambamo kina mama wa vijijini walipanda miti kwa mamilioni, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Kwa kuwa tarehe hiyo watu wamejiandaa kutoamini lolote, ujumbe wa kumkumbuka mara nyingi hupuuzwa. Ushauri wangu: uutume asubuhi na mapema, ukiwa na mwaka na mahali alipozaliwa.

Viongozi na mastaa wa Afrika Mashariki wanashiriki tarehe na akina nani?

Jakaya Kikwete (7 Oktoba 1950) yuko pamoja na Askofu Desmond Tutu (1931) na Vladimir Putin (1952). Samia Suluhu Hassan (27 Januari 1960) anashiriki na Mozart (1756). Ali Hassan Mwinyi alizaliwa 8 Mei 1925, Siku ya Msalaba Mwekundu. Uhuru Kenyatta (26 Oktoba 1961) yuko na Hillary Clinton (1947). Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, alizaliwa 5 Septemba 1946. Leo tarehe hiyo ni Siku ya Kimataifa ya Hisani, iliyochaguliwa kwa sababu Mama Teresa alifariki siku hiyo mwaka 1997.

Paul Kagame (23 Oktoba 1957) ana tarehe iliyojaa. Ni ile Pelé aliyokuwa akiisherehekea, na pia ni siku ya moli kwa wanakemia: hufanywa kuanzia saa 12:02 asubuhi hadi saa 12:02 jioni. Wamarekani husoma saa hiyo 6:02, na ukiunganisha na tarehe yao 10/23 unapata namba ya Avogadro, yaani idadi ya chembe katika moli moja, 6.02 × 10²³.

Eliud Kipchoge alizaliwa 5 Novemba 1984. Usiku wa tarehe hiyo Uingereza nzima huwasha mioto na fataki, lakini wanakumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulipua bunge.

Kuna watu maarufu waliozaliwa siku moja, mwaka mmoja?

Wapo. Abraham Lincoln na Charles Darwin wote walizaliwa 12 Februari 1809, mmoja Kentucky na mwingine Shrewsbury, Uingereza.

Lakini hadithi ya Emil na Dana Zátopek wa Chekoslovakia inawazidi. Wote walizaliwa 19 Septemba 1922, wakaoana, na wote wakawa wanariadha. Kwenye Olimpiki ya Helsinki, 24 Julai 1952, Emil alishinda dhahabu ya mita 5,000, na siku hiyohiyo Dana akashinda dhahabu ya kurusha mkuki. Emil aliondoka Helsinki akiwa na dhahabu tatu, ikiwemo ya marathoni. Kuzaliwa pamoja kulikuwa bahati. Ile siku ya Helsinki waliitolea jasho.

## Yanayotatanisha

Aliyezaliwa 29 Februari husherehekea lini?

Anavyopenda mwenyewe, 28 Februari au 1 Machi. Sheria za nchi hazifanani: Uingereza humhesabia kuwa ametimiza umri 1 Machi, New Zealand 28 Februari. Mtunzi wa opera Rossini alizaliwa 29 Februari 1792. Alingoja miaka minane, kuanzia 1796 hadi 1804, kuiona tena tarehe yake, kwa kuwa mwaka 1800 haukuwa mwaka mrefu. Miaka ya karne huwa mirefu pale tu inapogawanyika kwa 400: mwaka 2000 ulikuwa, 2100 hautakuwa.

Jambo hili lina uzito kwa Watanzania. Mzee Mwinyi alifariki 29 Februari 2024, hivyo tarehe kamili ya kumbukumbu yake hurudi kila miaka minne.

Mbona Maulid haina tarehe kwenye kalenda ya ukutani?

Kuzaliwa kwa Mtume Muhammad huadhimishwa siku ya 12 ya Mfunguo Sita, Rabi' al-awwal, na mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355. Kwa hiyo kila mwaka Maulid hutangulia kwa siku kama 11. Mwaka 2015 ilisomwa mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena karibu na Krismasi. Ukikuta orodha inayosema "Maulid ni tarehe fulani" bila kutaja mwaka, iache.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, ni kalenda nyingine tena, ya Nairuzi, nayo inafuata jua. Siku hizi huangukia Julai. Wanaume hupigana kwa migomba kumaliza chuki za mwaka, kisha kibanda huchomwa moto. Kama mtu anatafuta sikukuu ya kipekee ya kumwonyesha mgeni, aanzie hapo.

Newton alizaliwa Krismasi au 4 Januari?

Zote mbili ni sahihi, kila moja kwa kalenda yake. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII alirekebisha kalenda ya Juliani, lakini Uingereza ilikataa kuifuata mpaka 1752. Newton alizaliwa 25 Desemba 1642 kwa kalenda ya Waingereza wa wakati huo. Kwa yetu ni 4 Januari 1643. Ndiyo maana ule usemi kwamba alizaliwa mwaka aliofariki Galileo hausimami: Galileo alifariki 8 Januari 1642 kwa kalenda mpya, na kwa kalenda hiyohiyo Newton ni wa 1643. Anayefungamana na Galileo ni Hawking, aliyezaliwa 8 Januari 1942, miaka 300 kamili baadaye.

Waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Uhispania nao husemwa kuwa walifariki siku moja, 23 Aprili 1616. Uhispania ilikuwa imeshabadili kalenda na Uingereza bado, kwa hiyo kati ya vifo vyao kulikuwa na siku 10 au zaidi. Hata hivyo tarehe hiyo ndiyo UNESCO iliyoichagua kuwa Siku ya Vitabu.

Nifanye nini vyanzo vikitofautiana?

Fuata kumbukumbu ya zamani zaidi iliyoandikwa karibu na tukio. Mwanamuziki wa jazi Louis Armstrong alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa 4 Julai 1900, siku ya uhuru wa Marekani. Baada ya kifo chake ilipatikana kumbukumbu ya ubatizo: 4 Agosti 1901. Kumbe anashiriki tarehe na Barack Obama (4 Agosti 1961). Cheti cha Pelé nacho kinasema 21 Oktoba ingawa familia ilishika 23. Hapo ni vizuri kutaja zote mbili.

Mbona wazee wetu wengi wamezaliwa 1 Januari?

Kwa sababu karani alihitaji kujaza nafasi. Familia zilikumbuka kuzaliwa kwa mtoto kwa njaa, vita, mvua au mavuno, na fomu ikataka tarehe. Jomo Kenyatta mwenyewe hakuijua siku yake. Basi usikimbilie kusema babu anashiriki siku na mtu fulani maarufu. Muulize kwanza alizaliwa msimu gani.

Ila wapo waliozaliwa 1 Januari kweli. Shaaban Robert anatajwa kuzaliwa tarehe hiyo, mwaka 1909, Vibambani, Tanga.

Naweza kuanzisha siku yangu mwenyewe?

Unaweza, kama Baur na Summers. Chagua tarehe yenye sababu ambayo mtu anaweza kuieleza kwa sentensi moja, angalia kama haijakaliwa na msiba wa taifa, na iandike kwa jina la mwezi badala ya namba tupu, ili anayesoma Marekani asidhani 7/8 yako ni Julai 8.